Jinsi ya Kumwongoza Mtendaji Mkuu Katika Uongozi wa Maadili

Kabla ya kikao cha kwanza, mkufunzi, kiongozi na shirika linalolipa ada waandikiane mkataba unaoeleza ni taarifa zipi zitakazofikishwa kwa bodi na zipi zitakazobaki siri, kwa kuwa mtu anayehofia kuripotiwa hatasema ukweli. Siri hiyo isifunike uhalifu, na jambo hilo litamkwe mapema.

Msianze na nadharia. Chukueni uamuzi mmoja halisi ambao bado haujafanywa. Tuseme meneja wa mauzo anayeingiza fedha kuliko wenzake wote anatuhumiwa kuwadhalilisha walio chini yake. Mwulize kiongozi: ni nani ataumia ukinyamaza, ungemchukulia hatua gani mfanyakazi wa kawaida kwa kosa hilohilo, na je, sababu zako ungeweza kuzisoma mbele ya wafanyakazi wote? Usimjibie. Kimya kinachofuata swali la pili, kwa maoni yangu, hufundisha kuliko semina nzima.

Kiongozi mwadilifu aliye ndani ya mfumo unaotuza mauzo pekee atachoka haraka, hivyo kagueni pia vigezo vya bonasi na njia za kupokea malalamiko; kiwango cha ISO 37002 cha mwaka 2021, kilichotolewa na Shirika la Kimataifa la Viwango, kinatoa mwongozo kuhusu kupokea taarifa za wafichuaji wa maovu na kuwalinda.

Maendeleo yapimwe kwa kuwauliza wasaidizi wake, bila kutaja majina, kama siku hizi wanathubutu kumletea habari mbaya mapema. Kila kikao kifungwe kwa ahadi moja iliyoandikwa pamoja na tarehe yake, na kinachofuata kianze kwa kuikagua.