Kupunguza ugumu wa gari la spoti lililoshushwa: tairi, stopa, bushi, halafu koilova

Mwenye Altezza, Impreza au GT86 akilalamika kwamba kila rasta anaisikia kwenye uti wa mgongo, jibu la kwanza analopewa ni "nunua shokapu mpya". Mara nyingi shokapu haina kosa. Gari linakuwa gumu kwa sababu gurudumu limekosa nafasi ya kupanda na kushuka, au kuna bushi (raba ya kwenye kiungo cha amu) iliyokazwa ikiwa imejinyonga. Hayo mawili hayaponi kwa shokapu ya bei yoyote. Fuata mpangilio huu, na usikimbilie koilova (shokapu na springi zinazorekebishika kimo) kabla zamu yake haijafika.

Hatua ya 1: Upepo na tairi

Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Wajaza upepo wengi wanapiga psi 40 bila kuuliza, na gari jepesi lililoandikiwa 32 au 35 linageuka mkokoteni hapo hapo. Pima asubuhi kabla ya kutembea, kwa geji yako mwenyewe. Ukipima mchana baada ya foleni ya Ubungo, namba itakuwa imepanda psi 3 hadi 5. Usiitoe, ni joto. Na usishuke chini ya kibandiko ukitafuta ulaini: tairi fupi likikosa upepo, rimu ndiyo inayopokea ukingo wa shimo.

Angalia pia ukuta wa tairi. 215/45R17 ina ukuta wa milimita 97. 205/55R16 ina milimita 113. Hizo 16 za nyongeza ni raba tupu kati yako na lami, na kimo chote cha tairi kinaongezeka asilimia 1 tu, kwa hiyo spidomita haitakudanganya sana. Impreza STI yenye breki za Brembo haipokei rimu ya inchi 16, kaliper inagonga. Baki na 17. Ukinunua tairi la mtumba, soma tarakimu nne za mwisho za DOT (namba ya kiwandani kwenye ukuta wa tairi): 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi la umri huo linaweza kuwa na meno mazuri kabisa na raba ngumu kama kandambili iliyosahaulika juani.

Hatua ya 2: Mtihani wa kebo tai

Hii ni ya shilingi mia chache na inajibu swali zima. Inua kava la vumbi la shokapu, funga kebo tai kwenye ufito (fimbo ya chuma inayoingia na kutoka kwenye shokapu), ibane kiasi tu ili isiteleze yenyewe, kisha isukume chini mpaka iguse mwili wa shokapu. Endesha siku moja njia zako za kawaida, matuta ya mtaani yakiwemo. Rudi uangalie. Kebo tai itakuwa imesimama pale ambapo shokapu ilifika iliposhindiliwa. Umbali uliobaki kati yake na stopa (ile raba au sponji iliyovaa ufito kwa juu) ndiyo akiba yako.

Ukikuta milimita 20 au zaidi, nafasi ipo. Ukikuta kebo tai imesagwa ndani ya stopa, gari lako halikalii springi, linakalia stopa. Shimo moja kubwa kuigusa si ajabu, ila lami ya kawaida haitakiwi kuifikisha huko. Dawa ni kuliinua milimita 15 hadi 25. Kukata stopa ni kujidanganya: unapata nafasi kidogo, halafu siku ya shimo kubwa chuma kinakutana na chuma na sili ya shokapu inakwisha.

Kama springi zilikatwa kwa grainda, zitupe. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiiondolea mmoja, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, juu ya kuwa fupi. Na zile raba zinazochomekwa kati ya mizunguko ili kuinua gari, toa leo hii. Zinaua mizunguko iliyozishika, matokeo yake yale yale.

Hatua ya 3: Bushi, na namna ya kuzikaza

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia, kwa hiyo usisome haraka.

Bushi ya raba ya kiwandani imegandishwa pande mbili: nje kwenye bomba linaloingia kwenye amu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu), ndani kwenye bomba dogo linalopitisha bolti. Ukikaza bolti, bomba dogo linashikwa na mwili wa gari na halizunguki tena. Amu inapopanda na kushuka, raba ndiyo inayojinyonga. Sasa fundi anafanyaje? Gari liko juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, anafunga amu mpya na kuzikaza zote kwa mashine ya upepo. Gari linaposhushwa, raba zote zinajinyonga kabla hata hujawasha injini. Kila bushi imekuwa springi ya ziada ambayo hukuinunua. Gari linakaa juu kidogo kuliko jana, linalia kwii kwenye matuta, na baada ya miezi michache raba inachanika kuzunguka bomba la ndani. Kisha inalaumiwa "spea feki".

Fanya hivi. Kabla ya kupiga jeki, gari likiwa sehemu tambarare, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda juu yake, magurudumu yote manne. Tuseme mbele kushoto ni milimita 352. Andika kwenye utepe wa karatasi na ubandike kwenye fenda hiyo hiyo, si kwenye simu itakayokuwa mfukoni mikono ikiwa na grisi. Mwambie fundi mapema: "Fundi, funga zote, ila usikaze hata moja mpaka nipime." Nati ziingie mpaka ziguse, basi. Bomba la ndani liwe bado linazunguka.

Halafu weka jeki chini ya amu, karibu na boljointi (kiungo cha upande wa gurudumu), na uipandishe taratibu mpaka kipimo kirudi 352. Ndipo ukaze, kwa spana ya toki na namba za kitabu cha gari. Tatizo utakalokutana nalo ni gari jepesi kunyanyuka kutoka kwenye stendi kabla kipimo hakijafika. Likianza kuachia, simama. Kwa upande wa nyuma, mfuko mmoja au miwili ya saruji ya kilo 50 ndani ya buti inatosha kulishikilia. Gereji yenye shimo ni bora kuliko yote haya: gari linasimama kwa magurudumu yake, unalitikisa mara kadhaa, unakaza kutoka chini.

Altezza ina amu mbili mbele na mbili nyuma kila upande, pamoja na viungo vingine vya nyuma, kwa hiyo hesabu bolti zote. Ukisahau moja inatosha kukurudisha kwenye kelele. Boljointi hazihusiki na kanuni hii. Raba za stabiliza nyingi hazijagandishwa, ila linki zake zifunge magurudumu yote mawili yakiwa kimo kimoja. Na ukibadilisha kimo cha gari baadaye, hata kwa milimita 15, legeza bolti zote na urudie. Ndiyo, zote.

Mambo mengine kuhusu bushi. Baadhi zina matundu kwenye raba kwa makusudi, ili ziwe laini upande mmoja na ngumu upande mwingine. Piga alama ya rangi kwenye amu kabla ya kuitoa ya zamani. Ikiingizwa kwenye presi ikiwa imegeuka nyuzi 90, ulaini unahamia upande usiotakiwa. Bushi za poliyurethini na zile za nailoni zinazochongwa kwa tona ni nzuri kwa mashindano. Kwa anayetafuta starehe ni pesa ya kununua kelele. Na kama gari limelala miaka Kigamboni au Mbezi Beach, chumvi ya bahari itakuwa imeunganisha bolti na bomba la ndani. Mwagia dawa ya kutu siku moja kabla, uwe na bolti mpya mkononi, na zile mpya zipake grisi ya shaba kwenye shina, si kwenye nyuzi.

Hatua ya 4: Koilova

Usiguse ringi ya kubana springi ukitafuta ulaini. Springi ya kilo 8 kwa milimita (inahitaji kilo 8 kushuka milimita 1) inabaki ya kilo 8 hata uibane vipi; unachopoteza ni nafasi ya gurudumu kushuka. Ibane milimita 2 hadi 5 tu, isicheze gurudumu linaponing'inia. Kimo kirekebishe kwa mabano ya chini.

Ukipunguza kutoka kilo 8 hadi 6, kona ya gari inayobeba kilo 320 ilishuka milimita 40 na sasa itashuka 53, kwa hiyo inua gari milimita 13 kwa mabano. Hesabu hiyo ni ya shokapu ya nguzo kama ya Impreza; kwenye Altezza amu zinabadilisha uwiano, pima fenda. Tofauti ya kilo 2 shokapu nyingi zinaivumilia, zaidi ya hapo zinahitaji kufunguliwa na kupangwa upya.

Kliki (hatua za kirekebisho cha ugumu wa shokapu): funga kabisa kwa vidole, bila koleo, kisha hesabu kurudi hadi katikati. Kingo kali zikikupiga, fungua 4. Gari likidunda zaidi ya mara moja baada ya tuta, funga 2. Likizama kidogo kidogo kwenye mfululizo wa rasta, shokapu inachelewa kutanuka, fungua.

Unapobadilisha springi tumia kompresa mbili za hali nzuri, na nati ya katikati ifungue kwa mkono. Usisimame juu yake.

Hatua ya 5: Alaimenti

Tembea kilomita 100 springi zitulie, pima fenda tena, kisha nenda ukapangiwe pembe za magurudumu. Nenda na tangi nusu, na uombe karatasi ya namba za kabla na baada. Kama toe (magurudumu kuelekea ndani au nje yakitazamwa kwa juu) ya nyuma haisogei, bolti ya kurekebishia imeganda kwa kutu. Rudi na dawa ya kutu, usikubali iachwe hivyo.