Kabla dirisha la usajili wa kozi halijafunguliwa

Siku ya kusajili kozi huwa fupi. Mfumo unafunguliwa, unabofya, kozi inaingia au inakataa, basi. Kazi yenyewe iko wiki mbili tatu nyuma, na anayeianza siku ile ile huambulia kozi zilizobaki badala ya zile anazozihitaji.

Cha kwanza kuwa nacho mkononi ni mtaala wa programu yako, na uwe wa mwaka ulioingia chuoni. Vyuo hubadilisha mitaala, na kwa kawaida mwanafunzi humaliza na ule aliodahiliwa nao. Orodha ya rafiki aliyekutangulia mwaka mmoja, hata mkiwa idara moja, inaweza kukupoteza. Ukishaupata, usome kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Angalia kozi za mwaka wa mwisho, uliza kila moja inadai nini kabla yake, kisha rudi nyuma hivyo hivyo hadi ufike muhula unaousajili sasa.

Kwa nini kurudi nyuma? Chukua mfano wa programu ya miaka mitatu. Tasnifu inaanza muhula wa kwanza wa mwaka wa tatu, na inadai uwe umefaulu Mbinu za Utafiti. Mbinu za Utafiti hufundishwa muhula wa kwanza tu, nayo inadai Takwimu II. Takwimu II hufundishwa muhula wa pili tu, nayo inadai Takwimu I. Sasa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiogopa Takwimu I, anajiambia ataichukua mwakani. Mwakani anaichukua, Takwimu II inafuata muhula wa pili, Mbinu za Utafiti inaangukia mwaka wa tatu, na tasnifu inasukumwa hadi mwaka wa nne ambao hakuupanga wala hakuutafutia ada. Kozi moja tu iliahirishwa. Mfumo wa usajili haukumzuia wala kumwonya, maana siku ile hakuvunja kanuni yoyote. Ndiyo maana naona kozi tangulizi, yaani zile zinazofungua mlango wa nyingine, zisajiliwe kwanza kabla hujagusa kozi ya kuchagua hata kama inakuvutia mno. Na kila kozi uulize inafundishwa muhula upi, kwa sababu nyingine hazipatikani mwaka mzima.

Halafu hesabu krediti. Krediti hupima kazi yote ya mwanafunzi, si vipindi vya darasani peke yake. Katika mfumo wa ECTS wa Ulaya mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na kila krediti hukadiriwa kuwa saa 25 hadi 30 za mihadhara, kusoma, mazoezi na mitihani kwa pamoja. Uingereza mwaka ni krediti 120, kila moja ikikadiriwa saa 10. Marekani shahada ya kwanza kwa kawaida hudai krediti zipatazo 120, na mwenye krediti 12 kwa muhula huhesabiwa mwanafunzi wa muda wote. Hapo ndipo wengi hujikwaa: 12 mara mihula 8 ni 96. Hadhi yako ya mwanafunzi wa muda wote imelindwa, lakini miaka minne imeisha na shahada bado. Popote ulipo, jua namba mbili: kiwango cha chini ambacho mkopo, ufadhili au viza yako inakidai, na wastani unaotakiwa kila muhula ili umalize kwa wakati.

Kwa mshauri wa masomo nenda mapema, kabla foleni haijawa ndefu, na usiende mikono mitupu. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo, na tofauti huonekana ndani ya dakika moja. Anayeingia akiuliza “nichukue nini?” hujibiwa kwa haraka yale yaliyoandikwa kwenye mtaala. Anayeingia na karatasi yenye kozi alizofaulu, zilizobaki, na mpango wa mihula miwili ijayo, tunatumia muda wote kujadili yale ya kujadiliwa: kozi tatu nzito zikikaa pamoja ataziweza? Ile aliyofeli airudie sasa au asubiri? Mweleze ukweli wako pia. Kama unafanya kazi usiku, kama unauguza mtu nyumbani, kama hesabu zinakushinda, mwambie; asipojua atakushauri nini? Ila fahamu mipaka yake. Mara nyingi mshauri hana mamlaka ya kukuruhusu uingie kozi ambayo hujatimiza masharti yake. Ruhusa hiyo hutoka kwa mhadhiri au mkuu wa idara, na huchukua siku kadhaa. Mkikubaliana jambo, mwandikie baruapepe fupi kulithibitisha.

Wiki moja kabla, ingia kwenye akaunti yako uone kama kuna kizuizi. Ada iliyosalia, kitabu cha maktaba, cheti kisichowasilishwa, idhini ya mshauri ambayo haijabofywa: lolote kati ya hayo linaweza kukufungia usajili. Malipo ya benki huweza kuchelewa kuonekana, kwa hiyo usiyaachie siku ya mwisho. Jaribu na nywila yako uone kama bado inafungua.

Andika misimbo ya kozi kikamilifu, pamoja na namba ya kundi, na uwe na kozi mbili za akiba zisizogongana kwenye ratiba. Ukimaliza, tazama neno lililo mbele ya kila kozi. Iliyo kwenye kikapu, yaani umeichagua tu bila kuithibitisha, au inayosubiri idhini, bado si yako. Mwanafunzi mmoja alihudhuria muhula mzima, akafanya kazi zote, jina lake likakosekana siku ya mtihani kwa sababu hakubofya kitufe cha mwisho. Hifadhi nakala ya ukurasa wa uthibitisho.

Mwisho, jua tarehe mbili kwenye kalenda ya chuo. Kuna kipindi cha kuongeza na kuacha kozi, ambapo ukiiacha haiachi alama yoyote kwenye matokeo yako. Baada yake kuna kujiondoa, ambako kwa kawaida huandikwa kwenye nakala ya matokeo na ada huenda isirudi. Na kuacha kuhudhuria si kuacha kozi. Jina linabaki kwenye orodha, mtihani unafika, na sifuri inaingia kwenye wastani wako. Ukiamua kozi haikufai, itoe kwenye mfumo, kisha ingia tena kesho yake uone kama kweli imetoka.