Cheti cha VETA kwa fundi redio asiyepita darasani: kuomba, na rangi za rezista

Kama ufundi umeujulia kwenye kibanda cha mjomba pale Mbuyuni, unafufua redio na subwoofer kila siku lakini huna karatasi, njia yako inaitwa urasimishaji ujuzi, yaani kupimwa na kupewa cheti kwa ujuzi ulioupata kazini. Nenda mwenyewe chuo cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) Moshi (wa Arusha, VETA Arusha), ulizia kama fani ya elektroniki inapokea waombaji, ada na tarehe. Ya mtaani kuhusu ada usiyasikilize.

Fomu ijaze kwa jina lile lile la kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. Penye uzoefu usiandike "fundi mzoefu". Andika kazi: nabadilisha kapasita za pawa saplai, natafuta shoti kwenye bodi ya TV. Barua ya serikali ya mtaa inayosema unafanyia kazi wapi ibebe hata kama hujaagizwa.

Halafu tathmini: utaulizwa maswali na utaangaliwa ukifanya kazi. Ukionekana na upungufu, kuna mafunzo mafupi ya kuziba pengo.

Hapa kwenye maswali ndipo penye kazi. Wengi wetu tunabadilisha rezista, kile kipande kidogo chenye mistari ya rangi kinachozuia mkondo wa umeme, kwa kufananisha rangi na ya bodi chakavu. Mteja haulizi, mtathmini anaweza kuuliza. Kariri: nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, machungwa 3, njano 4, kijani 5, bluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9.

Yenye mistari minne: miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sifuri, wa nne ni kiasi inachoruhusiwa kupishana. Dhahabu ni asilimia 5, fedha 10, na huo mstari unakaa kulia. Njano, zambarau, nyekundu, dhahabu: 4 na 7 na sifuri mbili, yaani omu (kipimo cha ukinzani wa rezista) 4,700. Mita ikisoma kati ya 4,465 na 4,935, rezista ni nzima. Dhahabu ikikaa nafasi ya tatu, gawa kwa 10. Fedha, gawa kwa 100.

Ya mistari mitano ina tarakimu tatu kabla ya sifuri, na mara nyingi inaishia na kahawia, asilimia 1. Hiyo ndiyo inayotega. Kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kahawia ni omu 10,000. Igeuze uisome kutoka upande wa pili, inakuwa omu 120, na zote mbili zinauzwa dukani. Tafuta mstari uliojitenga kidogo na wenzake, huo ndio wa mwisho. Bado una shaka? Pima, ila ng'oa mguu mmoja kwanza: ikiwa ndani ya bodi, njia nyingine za umeme huweza kushusha namba. Tena zima na uchomoe waya ukutani, kisha toa chaji ya kapasita kubwa kabla ya kugusa.