Jinsi ya kutumia "slim" bila kumkwaza mtu

Ukitaka kumsifia mtu kwa Kiingereza kwamba ni mwembamba sema slim, usiseme skinny maana hapo ni sawa na kumwambia kakonda kabaki mifupa, lazima anune. Ila ukiwa na wazee wa Uganda kuwa makini kidogo, miaka ya 80 ukimwi kule ulikuwa unaitwa slim kwa vile wagonjwa walikuwa wanakonda sana, kwa hiyo si kila mtu ataichukulia kama sifa. Kwa vitu vyembamba kama simu, pochi, kitabu, slim ni poa tu. Uji mwepesi au nywele chache hapana, hapo ni thin. Ukiambiwa your chances are slim ujue uwezekano ni mdogo, tafuta plani nyingine mapema. Kwenye kulinganisha m zinakuwa mbili: slimmer, slimmest.