Kutoka bombani hadi chanzoni: namna ya kuandaa kambi ya siku tatu ya wanafunzi msituni Amani

Muulize mtoto wa darasa la tano pale Tanga mjini maji ya bomba yanatoka wapi. Atakujibu upesi: kwenye tenki. Tenki linayapata wapi? Idara ya maji. Na idara je? Hapo wanaanza kutazamana, mpaka mmoja wa nyuma aseme "kwa Mungu" na darasa zima licheke.

Si jibu baya, ila karuka kituo kimoja: Mto Zigi. Unaanzia milima ya Usambara Mashariki, unateremka kupitia Muheza, unakingwa kwenye bwawa la Mabayani, na kutoka huko maji yanasafishwa na kuletwa mjini. Mimi huwapandisha watoto kuufuata mto huo kinyumenyume hadi msitu wa Amani, tukalala huko mara mbili. Nitaeleza ninavyofanya kwa wanafunzi 30. Wewe utapunguza au kuongeza kulingana na shule yako.

Hatua ya 1: Chagua swali moja

Kambi yangu ya kwanza ilikuwa na ratiba ya shughuli 11. Ndege, vipepeo, udongo, taka, ngonjera, kila kitu. Tuliporudi nikawauliza wamejifunza nini, wakanisimulia habari za basi na pilau. Sikuwalaumu. Tangu hapo kambi ina swali moja: kwa nini mto unaendelea kutiririka wiki nyingi baada ya mvua kukatika? Shughuli isiyosaidia kulijibu, hata iwe tamu vipi, siiweki. Isipokuwa ile ya vinyonga, na nitakuambia kwa nini.

Hatua ya 2: Tarehe na vibali

Masika usiende. Barabara ya kupanda Amani ina kona kali na ikilowa inateleza, na basi lenye watoto si mahali pa kujaribu bahati. Mimi hupenda Agosti. Chukua darasa lisilo na mtihani wa taifa mwaka huo, la sivyo mwalimu mkuu hatakuelewa.

Barua ya kwanza inakwenda kwa afisa elimu kupitia kwa mwalimu mkuu. Ya pili inakwenda kwa mhifadhi, kwa sababu Amani ni hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza ya aina hiyo nchini, tangu 1997, na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Uliza viingilio vya wanafunzi, idadi ya vitanda, na kama mtapewa mwongozaji anayejua kuzungumza na watoto. Bei iulize kwa mhifadhi mwenyewe, si kwa mtu aliyekwenda mwaka juzi.

Hatua ya 3: Kaa na wazazi

Mzazi haanzi kuuliza habari za mazingira. Anauliza, "Mwalimu, mwanangu atalala na nani?" Lijibu hilo kabla hujaulizwa: wasichana chumba chao na mwalimu wa kike jirani yao, wavulana chao, na hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mmoja mahali pa faragha, hata mimi.

Kisha zungumza na kila mzazi pembeni, mmoja mmoja. Hapo ndipo utaambiwa nani ana pumu, nani bado anakojoa kitandani, nani ameshavunja ungo. Mwenye selimundu (sikoseli) usimpitishe juujuu. Amani iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Agosti ni wa baridi, na baridi inaweza kumwamshia maumivu. Daktari wake aseme kwanza. Anayekojoa kitandani, mimi humwekea nailoni chini ya shuka na kumwamsha saa tano usiku kana kwamba ni zamu ya wote. Hajawahi kujua mtu.

Hatua ya 4: Mizigo

Sweta. Rudia neno hilo mpaka wakuchoke, maana mtoto wa pwani haamini baridi mpaka imshike. Mengine ni chandarua, tochi, mabuti ya mpira au raba za kuchakaa, kandambili za bafuni, na daftari lenye penseli, kwa kuwa wino unatapakaa ukilowa. Simu zinabaki nyumbani, na za walimu wenzako pia zikae mfukoni.

Vifaa vya somo ni vya jikoni: makopo mawili ya maziwa ya unga yaliyokatwa juu na chini, chujio la nazi, beseni jeupe, chupa tupu za maji, na machungwa matatu. Chakula kisikupe taabu. Uji, ugali na maharage, na wali siku moja. Maharage yalowekwe tangu usiku. Kama kutakuwa na nyama, ulizia kwanza imechinjwa na nani, na ratiba iache nafasi ya swala.

Asubuhi ya kuondoka hesabu watoto wakiwa wameketi. Mwaka mmoja niliwahesabu wakawa 31. Mdogo wake mmojawao alikuwa chini ya kiti cha nyuma na mfuko wa karanga.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, mto na giza

Shukeni Zigi, mlangoni mwa hifadhi, mwende mtoni kabla ya kufungua mabegi. Kila kundi lijaze chupa, liiandike jina la mahali na saa. Pimeni mita 10 ukingoni, mmoja aachie chungwa juu, mwingine ahesabu sekunde hadi lifike chini. Rudieni mara tatu. Chungwa linafaa kuliko kipande cha ubao kwa sababu huelea nusu limezama, upepo haulisumbui, na mwisho wake mnalila.

Usiku ndio wa vinyonga. Ukimpitishia tochi kinyonga aliyelala, anaonekana mweupe kwenye ncha ya tawi, rahisi kuliko mchana. Karibu kila mtoto amekuzwa akiambiwa kinyonga ana sumu au mkosi. Simwambii aache kuogopa. Ninasimama, namulika, nasubiri. Mwaka jana binti mmoja alijificha nyuma ya mgongo wangu muda wote, halafu nikasikia akinong'ona, "Mwalimu, kashika tawi kwa mkia." Aliangalia dakika tano nzima bila mtu kumwambia angalia. Kesho yake ndiye aliyeona vitu vingi mtoni kuliko wote. Ndiyo maana shughuli hii imebaki: inawafundisha kutazama.

Msiwashike vinyonga wala kuwamulika muda mrefu. Na waambie mapema kuhusu sauti: komba hulia kama mtoto mchanga, na perere, mnyama mdogo wa mitini, akianza kukoroma na kupiga kelele mtini, chumba kizima kitahamia kitanda kimoja.

Hatua ya 6: Siku ya pili, kopo na udongo

Hili ndilo somo lenyewe, lipe asubuhi yote. Mkiwa juu Amani, ingieni msituni na mwongozaji. Mtoto afukue majani makavu kidogo, akandamize kopo lililo wazi pande zote mpaka lizame vidole viwili ardhini, ayarudishe majani, kisha amimine nusu lita ya maji huku wenzake wakihesabu kwa sauti. Msituni maji yanazama kabla hawajafika mbali. Sasa hamieni kwenye njia iliyokanyagwa na watu miaka yote, fanyeni vilevile. Wataanza kuhesabu kwa furaha, watapunguza sauti, watachoka, na maji bado yamo koponi.

Usieleze. Nakuomba sana. Mwongozaji naye akianza hotuba ya umuhimu wa misitu, mwombe akae kidogo. Uliza tu: mvua ikinyesha hapa, maji yanakwenda wapi? Na pale? Watabishana, na katika kubishana mmoja atasema kwamba pale msituni maji yameingia "benki" na mto unayachukua kidogokidogo. Kila mwaka kuna anayefika hapo, ingawa si kila mwaka ni kwa neno hilo.

Mchana nendeni kwenye kijito. Mmoja akinge chujio, mwingine juu yake ageuze mawe, kisha mmimine kwenye beseni jeupe. Mkiona vijidudu bapa vyenye mikia mitatu kama nywele, au vilivyojijengea kifuko cha vijiwe vidogo, maji hayo ni safi na yana hewa ya kutosha, kwa kuwa wadudu hao hawavumilii uchafu. Mkipata minyoo myekundu peke yake, kuna tatizo huko juu ya kijito, maji yanakotoka. Kijito kiwe cha kasi na kivuli. Maji yaliyotuama bondeni msiingie, kuna kichocho. Kina kisipite magoti, na mtu mzima mmoja asimame upande wa chini wa mto.

Jioni mwombe mwongozaji awaonyeshe mhesi. Kitaalamu ni Maesopsis eminii, mti ulioletwa na kupandwa hapa, ukakua upesi, na mbegu zake zikatawanywa na ndege aitwaye hondohondo mpaka ukasambaa katikati ya miti ya asili. Watoto wameimba tangu chekechea kwamba miti ni uhai, na sasa wanaambiwa mti huu ni tatizo. Waache wakasirike. Nilipowahi kuuliza kama ukatwe, darasa liligawanyika nusu kwa nusu, na hatukupiga kura.

Hatua ya 7: Siku ya tatu, kuteremka

Asubuhi piteni kwa mkulima aliye pembezoni mwa hifadhi, mliyepatana naye mapema. Watoto waulize maswali yao, na mmojawapo liwe anapata nini kwa kuutunza msitu ambao maji yake yananywewa mjini. Jibu lake linaweza kuwa kali. Msilipake sukari.

Bwawani Mabayani huwezi kuingia bila ruhusa ya mamlaka ya maji, kwa hiyo barua hiyo iandike pamoja na zile za mwanzo. Jazeni chupa ya mwisho hapo. Mkifika shuleni zipangeni zote dirishani kwa mfuatano wa mto, na ya bombani iwe mwisho. Ziacheni usiku kucha, asubuhi muangalie tope lililotuama chini ya kila moja.

Hatua ya 8: Kopo lirudi shuleni

Wiki ile ile pimeni uwanja wa mpira kwa kopo lilelile, halafu chini ya mwembe. Waandike wenyewe kwenye karatasi kubwa ya ukutani. Kopo usilirudishe stoo. Mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha watakuja kuliomba, na itakuwa katikati ya kipindi cha hisabati. Mwalimu wa hisabati utazungumza naye wewe.