Kupiga Picha Ngome za Pwani ya Northumberland: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Pwani ya Northumberland, kaskazini-mashariki kabisa mwa Uingereza, ina ngome kongwe zilizosimama juu ya mwamba mweusi wa volkeno unaojitokeza hadi baharini. Tatu kati yake ndizo zinazowavuta zaidi wapiga picha: Dunstanburgh, Bamburgh na Lindisfarne. Ninamwandikia mtu mwenye kamera anayoweza kuipanga mwenyewe, tripodi na lenzi pana, ambaye anajua kupima mwanga lakini picha zake za majengo bado zimepooza. Mara nyingi kasoro haimo kwenye kamera, bali ni kwamba amefika wakati jua liko upande usiofaa na maji yako mahali pasipofaa.

Hatua ya 1: Ijue ngome kabla ya kuiendea

Dunstanburgh ilianza kujengwa mwaka 1313 na Thomas wa Lancaster, kabaila mkubwa aliyekuwa na uhasama na binamu yake, Mfalme Edward wa Pili, hadi akakatwa kichwa mwaka 1322. Leo ni magofu, na sehemu inayotawala macho ni lango lake kuu lenye minara miwili ya mviringo, linalotazama kusini. Mjenzi alitaka lango hilo liwatishe wanaokuja kutoka upande huo, na hadi sasa anayetembea kama kilomita 2 kutoka kijiji cha Craster huliona likizidi kuwa kubwa mbele yake. Bamburgh ni habari nyingine: mnara wake mkuu ni wa karne ya 12, lakini sehemu kubwa ya majengo unayoyaona ilikarabatiwa na mwenye viwanda William Armstrong, aliyeinunua ngome mwaka 1894. Ngome ya Lindisfarne, iliyo kisiwani, ni ndogo, ni ya karne ya 16, na mwanzoni mwa karne ya 20 msanifu Edwin Lutyens aliigeuza kuwa nyumba ya kuishi. Ukiyajua haya, utajua pia ni ukuta upi unaostahili mwanga.

Hatua ya 2: Panga safari kwa kufuata jua

Aliyezoea jua la Afrika Mashariki, linalochomoza karibu saa ile ile mwaka mzima, hana budi kujifunza upya hapa. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza kusini-mashariki mnamo saa 2:30 asubuhi, na hata adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 11 hivi juu ya upeo wa macho. Mwishoni mwa Juni huchomoza kaskazini-mashariki mnamo saa 10:30 alfajiri.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua picha. Ukisimama kaskazini mwa Dunstanburgh, kwenye ghuba ya Embleton, wakati wa baridi jua litachomoza karibu na ngome yenyewe, nawe utapata umbo jeusi la magofu mbele ya anga lenye rangi. Mwezi Juni, mahali pale pale, mwanga wa alfajiri hupiga upande unaoutazama na kuonyesha kila tofali la mawe. Lango la kusini, kwa upande wake, hupendeza zaidi wakati wa baridi, kwa sababu jua la chini hupita likiparuza ukuta na kuzidhihirisha nyufa na mashimo yaliyochimbwa na upepo wa chumvi. Kwa Bamburgh, ningechagua jioni ya kiangazi kutoka miamba iliyo kaskazini-magharibi mwa ngome, jua likiwa nyuma ya mpiga picha.

Hatua ya 3: Soma jedwali la maji

Maji hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo saa za jana hazikufai leo. Ninapendelea kufanya kazi maji yanapokupwa, kwa sababu mchanga huachwa ukiwa umelowa, hauna nyayo, na ngome huonekana ndani yake kana kwamba ni kioo; isitoshe, bahari inakwenda mbali nawe badala ya kukufuata. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa mbali zaidi na pia hujaa juu zaidi, basi uzidishe tahadhari.

Lindisfarne haina mzaha. Barabara ya kuingia kisiwani hufunikwa na bahari mara mbili kwa siku, na halmashauri ya Northumberland hutangaza saa salama za kuvuka. Zifuate kama zilivyoandikwa. Kibanda cha kujiokolea kilichoinuliwa juu ya nguzo kando ya barabara hiyo kimewekwa kwa sababu watu huendelea kunaswa na maji.

Hatua ya 4: Simika kamera

Chini ya Dunstanburgh, upande wa kaskazini, pana mawe meusi ya mviringo, mengine makubwa kama mtungi, yaliyosuguliwa na mawimbi mpaka yakawa laini. Yakiwa na mwani wa kijani huteleza vibaya, kwa hiyo kanyaga kwenye nafasi zilizo kati ya mawe na usiruke kutoka jiwe hadi jiwe. Zamisha miguu ya tripodi mchangani kabla ya kupanga fremu, kwa maana wimbi likirudi huchota mchanga chini yake na kamera huinama polepole bila wewe kutambua.

Anza na ISO 100 na tundu la f/11, ukilenga fokasi kwenye jiwe lililo umbali wa mita mbili hivi. Kisha tafuta kasi ya shata kati ya robo sekunde na sekunde moja, ukibonyeza wimbi linapoanza kurudi, ili maji yaache michirizi myeupe kati ya mawe. Wengi hupenda sekunde 30 zinazoifanya bahari kuwa ukungu. Mimi sioni sababu ya kuifuta bahari ambayo imekuwa ikiila pwani hii kwa karne nyingi. Kichujio cha kuondoa mng'ao nacho kitumie kwa kiasi, kwa sababu jiwe jeusi likikosa mng'ao wake hubaki doa tupu.

Hatua ya 5: Linda mistari ya kuta

Ukiinua kamera kuelekea mnara, kuta zitaonekana zikiegemea nyuma. Weka kamera sawasawa kwa kipima usawa chake, rudi nyuma, na uache nafasi ya ziada pembeni, ili marekebisho ya baadaye kwenye programu yasikate ukuta wala anga.

Hatua ya 6: Baada ya kupiga

Futa chumvi kwenye lenzi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kabla ya kitambaa kikavu, maana chembe kavu hukwaruza. Tunza betri ya akiba kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa kuwa baridi huipunguzia nguvu. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1988 inaruhusu kupiga picha majengo kutoka nje, lakini ukikusudia kuuza picha ulizopiga ndani ya eneo la National Trust, shirika la kuhifadhi majengo na maeneo ya kihistoria, ambalo ndilo linalomiliki Dunstanburgh na ngome ya Lindisfarne, au ukitaka kurusha droni hapo, omba kibali kwanza. Mwisho, andika kwenye kila faili mahali, tarehe, saa, hali ya maji na upande uliokuwa ukiutazama. Kumbukumbu hizo ndizo utakazozitumia kupanga safari ya msimu ujao.