Shamba limepakana na hifadhi ya tembo? Funga uzio wa nyuki hivi

Kama unalima pembeni ya hifadhi unajua kabisa mazao yakianza kukomaa hulali. Tembo mkubwa anakula kilo 150 kwa siku na wengine zaidi, sasa kundi likiingia saa nane za usiku, asubuhi unakuta msimu mzima umeisha na shina hata moja halijasimama. Hapo ndo hasira inapoanza, watu wanatafuta mikuki, wanatega sumu, na hifadhi inakuwa adui wa waliopakana nayo. Mimi naamini tembo hawalindwi na mpaka uliochorwa kwenye ramani, wanalindwa na jirani anayeweza kuvuna. Na jike anabeba mimba miezi 22, alafu mpaka azae tena ni miaka minne mitano, kwa hiyo mmoja akiuawa kwa kisasi pengo lake halizibiki leo wala kesho.

Dawa mojawapo ni uzio wa mizinga, yaani mizinga ya nyuki inayoning'inizwa kwa waya kuzunguka shamba. Ulianza kujaribiwa Kenya na mtafiti Lucy King pamoja na wenzake wa shirika la Save the Elephants, na Sagalla, jirani na Tsavo Mashariki, ndo umefuatiliwa kwa miaka mingi. Tembo ana ngozi nene ndio, ila nyuki hahangaiki na mgongo, anachoma pembeni ya macho, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga, kwa hiyo tembo akisikia ule mvumo tu anatikisa kichwa, anajirushia vumbi, anawangurumia wenzake na wote wanaondoka.

Kabla hujanunua hata msumari, tafuta njia yao. Zunguka alfajiri umande ukiwa bado chini. Unyayo wa mbele ni wa duara, wa nyuma umerefuka kidogo kama yai, na ndani yake utaona mistari mingi imepasukapasuka kama tope lililokauka. Angalia na miti, ukikuta tope limegandia kwenye gome juu kuliko kichwa chako basi hapo anajisugua akipita. Alama zikifuatana mstari ule ule kila siku, huo ni ushoroba, yaani njia ya wanyama ya siku zote, na ushoroba hauzibwi. Kwakuchinja kati ya Tarangire na Manyara, Kitenden kati ya Amboseli na Kilimanjaro, zote zipo kwa sababu hifadhi moja peke yake haimtoshi tembo maji na malisho mwaka mzima. Ukiziba njia atapita tu, ila atapita kwa jirani yako. Zungushia shamba, njia iache wazi.

Sasa kazi yenyewe. Eka moja inataka mizinga 12 ya kweli na 12 bandia, ile bandia ni kipande cha plaiwudi tu kimekatwa ukubwa wa mzinga. Kila mita 10 ning'iniza kimoja, wa kweli, bandia, wa kweli, bandia, mpaka umalize kuzunguka. Kila mzinga unakaa kati ya nguzo mbili, kimo cha kifua cha mtu, na juu yake weka kipaa cha nyasi au bati maana jua kali linafukuza nyuki. Nguzo zichimbie futi mbili au zaidi, na ukipata mti unaochipua ukichomekwa ardhini tumia huo, mchwa hawatakusumbua.

Kwenye waya ndo wengi wanakosea. Waya unaotoka mzinga mmoja kwenda mwingine USIFUNGWE kwenye nguzo. Ufunge kwenye waya unaoning'iniza mzinga wenyewe, alafu upite nje ya nguzo. Tembo akija anasukuma kwa kifua, waya unavuta mizinga ya pande zote mbili, inabembea, nyuki wanatoka. Ukifunga kwenye nguzo atang'oa nguzo huku mizinga imetulia tuli, umefanya kazi bure. Kabla nyuki hawajaingia simama katikati ya mizinga miwili, sukuma waya kwa mkono, yote miwili ikicheza umepatia. Na tumia waya wa kawaida, wa miba hapana, unamjeruhi mnyama na tembo mwenye kidonda ndo hatari kuliko wote.

Nyuki hakuna haja ya kununua. Yeyusha nta, paka ndani ya mzinga, subiri makundi yanayohama yaingie yenyewe, inaweza kuchukua msimu mzima hivyo usikate tamaa. Wawekee maji karibu, beseni lenye mawe ya kutulia wasizame. Nguzo zipake grisi kuzuia sisimizi na zizungushie bati, nyegere hawezi kupanda. Uzio ukae mbali na nyumba na njia ya watoto wa shule, na usifunge mbuzi karibu, mbuzi mwenye kamba shingoni hana pa kukimbilia nyuki wakichafuka.

Usitegemee miujiza pia. Sagalla uzio umezuia kama robo tatu ya tembo waliousogelea, na baada ya ukame wa 2017 mizinga mingi ilibaki mitupu kwa sababu maua hayakuwepo. Kwa hiyo mwaka mkavu ongeza kamba iliyopakwa pilipili ya kusaga na oili chafu, panda pilipili ukingoni maana hawaili, na mkeshe kwa zamu mkiwa na tochi na madebe. Mawe na mishale ya moto acheni jamani, mama mkuu wa kundi akishajua watu wa upande huu wanaumiza, siku nyingine hakimbii, anakuja.

Asali vuna jioni, mkiwa wawili wenye mavazi na moshi, na waachie nyuki ya kwao ya kutosha, ukikomba yote wanahama na uzio umekufa. Kila baada ya mvua kubwa pita ukikaza waya na kufyeka majani yaliyougusa.

Alafu weka daftari. Andika tarehe, saa, walikuwa wangapi, walitokea upande gani, waligeukia mzinga namba ngapi. Mwisho wa msimu lipeleke kwa askari wa hifadhi, kwenye ramani yao huenda njia inayopita kwako bado haijachorwa.